Taa Ndogo Mlangoni kwa Mama

Kazini wananiita Fyuzi. Ukiwauliza, watakuambia ni kwa sababu mimi ni fundi umeme wa magari. Waongo hao. Wananiita Fyuzi kwa sababu naungua upesi, na sijawahi kukana. Lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjasema, "Ah, Fyuzi naye, kaanza tena." Safari hii nilikuwa na haki ya kuungua, na mpaka leo ninayo.

Mama yangu mzazi ana mapafu mabovu. Akapewa mashine ya kumsaidia kupumua, ile inayovuta hewa ya chumbani, ikaichuja, ikamletea oksijeni puani kwa mrija mwembamba. Mashine nzuri sana, ila inakula umeme, na kwetu umeme haujafika. Nguzo zimeishia njia panda, pale kwa muuza mbao. Ukienda ofisini kwao kuuliza wanakuambia mpo kwenye mpango. Tumekuwa kwenye mpango tangu nina nywele kichwani.

Ndipo dada yangu mkubwa, anayeishi mjini na mumewe na watoto wao wanne, akaitisha kikao sebuleni kwangu. Alikuja na hoja moja: Mama ahamie kwake, kwenye umeme na hospitali ya karibu. Aliongea kwa upole, na upole wa dada yangu unaniudhi kuliko matusi. Nikapiga meza. Nikasema Mama haendi popote. Nyumba hii aliijenga yeye na marehemu baba, mimi ndiye niliyebaki naye, na kila siku ya Mungu nafufua magari ya watu. Nitashindwaje kuwasha kimashine kimoja cha mama yangu? Dada akamgeukia Mama, aliyekuwa kwenye kochi, mikono mapajani.

"Mama, wewe unasemaje?"

Mama akaniangalia mimi, siyo yeye. "Mdogo wako si ameshasema?"

Nililipokea jibu lile kama baraka. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni heshima.

Tukapatana hivi. Kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba, ule wa chuma, pembeni ya kitanda cha Mama. Umeme wangu ukimbeba Mama mpaka siku yake ya kliniki bila mtungi kuisha, anabaki kwangu. Mtungi ukiisha kabla, anahamia mjini na mimi nafunga domo langu. Dada alinipa mkono. Nikaushika kama mtu aliyeshinda tayari.

Nilianza siku ileile. Injini niliipata nyuma ya gereji, ya pampu ya maji, ya petroli, ya kuvuta kwa kamba. Ilikuwa imetupwa na mtu asiyejua thamani ya chuma. Oltaneta, yaani kile kidude kinachochaji betri gari likitembea, nilikitoa kwenye teksi iliyogongwa. Fremu ya kuvishikilia vyote viwili niliikata kutoka kitanda cha chuma cha Mama, kile cha zamani.

"Kitanda changu cha harusi hicho?" Mama akauliza.

"Kimepata kazi mpya, Mama."

"Afadhali chenyewe kimepata." Akacheka mpaka akakohoa.

Betri alizileta mume wa dada. Huyu shemeji yangu tunamwita Taratibu, kwa jinsi anavyoendesha pikapu yake. Kobe akiwa na haraka anaweza kumpigia honi. Alileta betri nne kubwa za lori, akazishusha mwenyewe moja moja, akajifuta jasho, akasema, "Shemeji, nimezipima zote. Ni nzima." Nikazipanga stoo, nikaziunga, nikafunga inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Siku nilipovuta kamba na injini ikakubali, majirani walitoka nje kwa zile kelele. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama punguani.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana ndipo kisa kilipolala. Kwenye dashibodi ya gari kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri. Ukiwasha swichi inawaka, injini ikishika inazima. Wenye magari wanadhani kazi yake ni kutoa taarifa tu. Kwa oltaneta ya kizamani kama yangu, umeme kidogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha. Balbu ikilegea, oltaneta inabaki usingizini. Itazungushwa mpaka kesho na haitatoa kitu.

Injini na moshi wake nilivifungia kibandani nyuma ya jiko. Ile balbu niliivutia waya mpaka ndani, nikaifunga kwenye kibao ukutani, kando ya mlango wa chumba cha Mama, ili mke wangu asiwe anaingia kwenye moshi kuchungulia. Nikamletea Mama kiti, nikamkalisha mbele yake kama mgeni rasmi.

"Unaiona hii, Mama? Hii ndiyo roho ya mtambo wote. Ikilegea hii, kule nje zitabaki kelele tu."

"Hii ndogo hivi?"

"Hiyohiyo."

Akanyoosha kidole, akaigusa. "Makubwa," akasema. Roho yangu ilijaa. Nilikuwa namwonyesha mama yangu kwamba hakunisomesha bure.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mimi nikiwa gereji, mke wangu anaacha cherehani yake saa za mchana, anawasha injini, anatazama taa. "Ikiwa imezima," nilimwambia, "mambo safi, rudi ukashone." Jioni nikirudi nawasha mwenyewe kidogo, kuongezea.

Siku za mwanzo ilikuwa raha tupu. Mashine ya Mama inanguruma kwa upole, taa zinawaka sebuleni, nikamnunulia na redio. Halafu jioni moja nikafika nikakuta inveta inalia pii-pii-pii ya kuishiwa, na Mama amefungiwa mrija wa mtungi. Nikasema ni bahati mbaya. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Nilibadilisha mkanda. Nilibadilisha puli. Nilikwangua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Nikaing'oa oltaneta, nikaibeba begani hadi gereji, nikaifunga mezani petu pa kupimia: inachaji kama haina akili nzuri! Wenzangu wakanizunguka wakicheka. "Fyuzi, labda haipendi kwenu." Nikairudisha nyumbani. Nikiwasha mwenyewe jioni, inafanya kazi vizuri kabisa, lakini betri zilizonyonywa mchana kutwa hazijai kwa muda ule mfupi, na majirani nao wana haki ya kulala. Kesho yake mchana nikiwa kazini, hali ileile.

"Uliiangalia taa?" nilimuuliza mke wangu.

"Niliiangalia."

"Ilikuwa imezima?"

"Ilikuwa imezima." Alijibu akiwa ameinamia kitambaa chake, pini zimejaa mdomoni. Hakuinua macho. Na mimi, bwege, nikaridhika.

Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka. Kila nikitoka kazini nilikuwa nauangalia huo kwanza, kabla hata ya kusalimia. Chakula kilikuwa hakipiti. Nilikuwa namwona Mama ameketi pale na mrija wake puani, mpole, haombi kitu, na moyo unaniuma kama mtu anaukamua. Nikimwambia, "Vumilia, Mama, nitaipata tu," ananipapasa mkono. "Usijitese, mwanangu." Maneno hayo yalinipa nguvu ya kujitesa zaidi.

Nikatafuta mchawi, na mchawi nikampata: betri. Kama zinapokea chaji jioni na mchana ziko tupu, basi zimeoza ndani. Na nani alizileta? Dada na mumewe walipokuja kumwona Mama, sikungoja hata wakae.

"Taratibu," nikamwambia, "umeniletea majeneza."

"Shemeji?"

"Betri zako ni majeneza! Ulijua ni mbovu, ukaniletea ili nishindwe, mumchukue Mama. Umenichezea mchezo mchafu nyumbani kwangu, mbele ya mama yangu."

Dada akasema, "Wee! Chunga mdomo wako." Taratibu hakupandisha sauti. Alisema tu alizipima, akasema kama kuna iliyokufa yuko tayari kuibadilisha leo hii. Upole ule ukanipandisha mori zaidi. Nikamwita mnafiki. Nikamwita mengine ambayo siyarudii hapa, na nikamwonyesha mlango. Mwanamume wa watu alichukua kofia yake, akamuaga Mama kwa kumwinamia, akatoka. Dada alitoka nyuma yake analia.

Mama alikuwa kwenye kochi lake muda wote. Alisikia kila neno. Alikuwa anaikunja na kuikunjua leso yake, na hakusema lolote.

Siku iliyofuata bosi alinituma kununua waya kwenye duka lililo upande wa kwetu. Kliniki ilikuwa imekaribia, na mshale wa mtungi ulikuwa umebakiza kidogo ugonge chini. Ilikuwa mchana, jua la utosini. Nikaona nipitie nyumbani nionje maji. Kabla sijafika getini nikaisikia injini yangu, na miguu ikasimama yenyewe.

Fundi anajua sauti ya kazi yake. Oltaneta ikiwa inachaji, injini inabeba mzigo. Inakaza, inaguna kwa chini. Hii haikuwa inaguna. Ilikuwa inaimba, nyepesi, juu juu, haina shida duniani. Ilikuwa injini isiyobeba chochote.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mke wangu yuko kwenye cherehani. Taa mlangoni kwa Mama imezima, kama inavyotakiwa. Nikaigusa ile balbu, nikaikaza kwa vidole viwili. Haikuchukua hata mzunguko mmoja. Ikawaka nyekundu, ikazima, na kule nje injini ikaguna.

Nilisimama pale nimeishika ile balbu. Kwa muda sikuwa na hasira hata kidogo. Kisha cherehani ikanyamaza, nikageuka, na uso wa mke wangu ukaniambia nusu ya habari.

"Nani anailegeza hii?"

Akatupa jicho mlangoni kwa Mama.

"Nakuuliza wewe! Nani anailegeza?"

"Usimfokee mtoto wa watu," sauti ikatoka chumbani. "Ni mimi."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mrija wa mtungi puani, leso mkononi. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana amechoka.

"Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Mkeo akienda kuwasha, mimi nakuwa nimeshailegeza. Jioni ukikaribia kurudi, naikaza."

Hiyo ya kuikaza ndiyo iliyonimaliza. Kulegeza, ningesema ni utu uzima, labda alikuwa anaifuta vumbi. Lakini kuikaza tena! Kumbe kila jioni nilipokuwa nikilala chali chini ya ule mtambo, uso umejaa grisi, natafuta ubovu, mama yangu alikuwa ameshaurudisha uzima wake kwa vidole vyake, akarudi kukaa. Na mimi ndiye niliyemfundisha, nikamwekea na kiti.

"Na wewe ulijua," nikamwambia mke wangu.

"Nilimkuta siku moja. Akanishika mikono, akaniomba nisiseme." Alikuwa ameanza kulia. "Ningefanyaje? Ni mama."

"Mimi ni mumeo!"

"Ndiyo. Na ungefanya nini ningekuambia? Ungeuvunja ukuta."

Nikamrudia Mama. "Jana ulikaa pale kwenye kochi. Ukanisikia namtukana Taratibu, mtu asiye na kosa. Ukanisikia, Mama, na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningesema jana, ningekuaibisha mbele yao." Akavuta pumzi, akasubiri mrija umpe nyingine. "Kama nilivyoshindwa kukuaibisha kwenye kikao. Ulipiga meza, ukasema haendi popote, kila mtu akaona, eh, huyu ni mtoto kweli. Ningesema nini? Kwamba nataka kwenda?"

Niliisikia "nataka kwenda" kama mtu amenimwagia maji ya betri kifuani. Nikamuuliza nilimkosea nini. Nilimnyima nini? Alikosa nini kwangu?

"Hukuninyima kitu, baba." Ananiita hivyo akitaka kunituliza. "Ila wewe unatoka asubuhi, huyu ana kazi zake, na mimi nabaki naangalia ukuta. Kwa dada yako kuna watoto, kuna majirani wanaingia na kutoka, wanagombana, wanacheka. Nataka kufia kwenye kelele za watu."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilisema nyumba imepoa, ukaongeza taa. Nikasema natamani kusikia watu wakiongea, ukaleta redio." Akainua mabega. "Nikaona nikikuambia tena, utanijengea mtambo mkubwa zaidi."

Mke wangu alitoa mlio, sijui kicheko sijui kilio. Mimi sikucheka. Niseme kweli, hata leo sicheki. Watu wananiambia, "Lakini mama yako naye ana lake la kusema." Sawa, analo. Angelisema basi! Angenipiga kibao, angenifokea, ningemwelewa. Yeye aliniacha nijione fundi mbovu, nikamvunjia heshima shemeji yangu, nikakonda, huku ananipapasa mkono na kuniambia nisijitese. Walionizunguka ni wawili niliokuwa nahangaika kwa ajili yao. Hakuna adui angeniweza hivyo.

Nilikwenda nje, nikaizima injini. Nikakaa kibandani mpaka chuma kikapoa.

Dada alipopigiwa simu hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema. Akaleta jambo moja kwa kusitasita: kwake umeme upo, ila unakatika, na siku nyingine unarudi kwa kujisikia. Mashine ya Mama haiwezi kungoja umeme ujisikie. Hakumalizia sentensi, na hakuwa na haja. Hakuna mtambo mwingine wa kumlinda Mama zaidi ya ule niliouunda ili asiende.

Taratibu alikuja na pikapu yake, kwa mwendo wake uleule. Nilikuwa nimeshafungua nati zote. Alishuka, akanisalimia kama siku yoyote, akavua shati, tukaanza kubeba. Betri ya mwisho tuliibeba pamoja, yeye kule, mimi huku.

"Betri zako ni nzima," nikamwambia.

"Najua, shemeji."

"Nisamehe."

"Shika vizuri, isikuangukie mguu," akasema. Hatujalizungumza tena.

Injini ikapanda garini, na fremu ya kitanda cha harusi, na inveta. Stoo ikabaki na alama za betri kwenye vumbi. Mke wangu alikuwa jikoni anapangusa kandili ya mafuta ya taa ambayo hatukuwa tumeigusa siku nyingi. Bado tulikuwa tunasemeshana kwa mambo ya lazima tu, chumvi iko wapi, mlango umefungwa.

Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri, ameketi kwenye kile kiti, mlangoni kwake, anangoja kuitwa. Pembeni yake, ukutani, kilikuwa kimebaki kile kibao. Nikakifungua skrubu, nikakiweka sakafuni mbele ya miguu yake. Nikawasha jiko dogo la gesi, nikapasha chuma, nikatoa risasi ya kulehemu. Balbu nikaikaza mpaka mwisho, kisha nikaizungushia risasi shingoni, pande zote, ikaungana na kishikio chake ikawa kitu kimoja. Nilifanya polepole. Nilitaka aone. Hakuna vidole vya binadamu vitakavyoilegeza balbu ile. Ikiungua siku moja, itabidi niitwe mimi mwenyewe nikaikate.

Nikampa akishike wakati nakusanya vifaa vyangu. Akakigeuza, akaijaribu ile balbu kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mazoea. Haikutikisika.

"Sasa haifunguki tena, Mama," nikamwambia.

Akanirudishia kile kibao, akaniegemea begani ili ainuke.

"Huko sitakuwa na haja ya kuifungua," akasema, tukatoka kwenda kwenye pikapu.